Darubini ya Mchango

Ilikuwa Jumanne, tarehe 12 Machi 2024. Asubuhi hiyo mvua nyepesi iliingia kutoka ziwani kabla jua halijachomoza, ikanyesha bila upepo, kisha ikakatika na kuacha ukungu umelala juu ya matete. Kufikia saa mbili jua lilikuwa limeshatoka, na majabali ya Nyabulugu yalifuka mvuke kama vyungu vilivyoepuliwa sasa hivi.

Mzee Yeremia Shigela alivaa koti lake la kanisani, akasimama mlangoni akasali kwa ufupi, kama alivyozoea kabla ya kila safari, akatoka. Siku hiyo alikuwa anakwenda mjini Mwanza. Kijiji kilikuwa kimechanga ili bunduki yake ipate darubini.

Sababu ya mchango ule kila mtu Nyabulugu aliijua. Mwezi wa kwanza, mvuvi mmoja, Elias, alikuwa anateremka alfajiri kwenda kwenye mtumbwi wake, mkewe Evelina akimfuata nyuma na kasia begani, wakakutana na kiboko dume aliyekuwa amechelewa kurudi majini. Elias hakuwahi kupanda jabali. Evelina aliwahi. Kutoka juu ya jabali lile alimwona mnyama vizuri, na kitu alichokishika kichwani mpaka leo ni sikio la kushoto. Halikuwepo. Lilibaki gutu tu, kama fundo la kamba.

Wilaya ilitoa kibali cha kuua mnyama mmoja, na awe yule. Ghubani walikuwemo viboko wengi, majike na ndama wao wakiwemo. Akiuawa mwingine, kibali kimekwisha, na aliyemuua Elias ataendelea kupita njia ile ile ambayo wanawake huteremkia kuchota maji. Yeremia alikuwa askari wa wanyamapori kabla ya kustaafu, na bunduki aliyokuwa nayo aliimiliki kwa leseni, kwa hiyo kazi ilimwangukia yeye.

Walikwenda watatu. Wa pili alikuwa Kashindye, mtemi wa sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa kijiji, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Wa tatu alikuwa Modesta, afisa wanyamapori, mwanamke wa makamo ambaye hakuwa na maneno mengi.

Mwenye duka la silaha aliitwa Venant, Mhaya mwenye miwani na mikono ya shati iliyofungwa vifungo.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Nielezeni. Mnyama gani, umbali gani, saa ngapi?"

"Kiboko," alisema Modesta. "Hatua arobaini, hamsini. Jioni, wakitoka majini."

Kashindye alimgeukia Yeremia, akamwita mwanamume mwenzake kwa Kisukuma. "Ngosha, huyu anatuuliza kama tumekuja hospitali."

"Nisipouliza nitawauzia ninachokipenda mimi," alisema Venant. "Na mnajua Wahaya tunapenda vitu vya bei. Mtarudi kwenu kwa miguu."

Kashindye alicheka mpaka akashika meza. Venant akaweka darubini mbili juu ya kitambaa. Moja ilikuwa fupi na nyembamba kama tochi. Nyingine ilikuwa ndefu kama mkono kutoka kiwiko mpaka vidoleni, na kioo chake cha mbele kilikuwa kipana kama mdomo wa kikombe cha uji.

"Hii kubwa," alisema, "inavuta kitu cha mbali kinakuwa hapa puani. Na kioo chake kinakusanya mwanga. Jua likishazama itakuongezea muda kidogo wa kuona, hilo sitawaficha. Lakini inachokivuta ni kipande. Kilicho pembeni kinapotea. Hata ukipunguza uvutaji wake mpaka mwisho, bado inavuta sana kwa mnyama wa hatua arobaini. Tena ni nzito, na jicho lazima ulisogeze karibu nayo. Bunduki ya kiboko ina teke, mzee unaijua. Hii ndogo haivuti sana na giza likiingia inachoka mapema. Ila inakuachia uwanja mpana, na jicho linakaa mbali. Chochote mtakachochagua, kuna kitu mtakiacha hapa mezani."

Aliwatoa nje barazani. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la dawa lenye kibao cha rangi ya bluu. Kashindye alishika kubwa, akachungulia.

"Naona herufi," alisema. "Herufi moja, kubwa kama mlango. Naona na rangi ilivyobanduka." Akachungulia ndogo. "Hapa naona kibao, na mama anayeuza karanga chini yake, na mbwa. Sasa hii kuna faida gani? Mama karanga namwona hata bila darubini."

Yeremia alichukua ndogo kwanza. Aliona kibao, aliona mwanamke, lakini kila kitu kilikuwa kama kimefunikwa na moshi wa kuni mbichi. Akachukua kubwa. Herufi ilimjia safi, kingo zake zimekatwa kama kwa wembe. Alikaa nayo muda mrefu.

Kwa mwaka mzima hakuwa ameona kitu kikiwa safi namna ile kwa jicho lake la kulia, jicho la kulengea. Ndani ya jicho hilo kulikuwa na mtoto wa jicho anayekua taratibu. Aliyejua ni mkewe Wilhelmina na Mungu, basi.

"Mzee unasemaje?" aliuliza Modesta.

Yeremia alijua anachopaswa kusema. Alikuwa amefanya kazi ile miaka mingi mno asijue. "Kubwa si mbaya," alisema.

"Ngoja nikuambie kitu," Kashindye alimwambia Venant. "Kule kila kaya imetoa. Kuna bibi ametoa kuku. Nikirudi na hiki kitochi, watauliza mchango wao umekwenda wapi. Nipe kitu ambacho mtu akikiona anajua kweli tulichanga."

Venant aliifunga kubwa kwenye boksi lake. Alipokuwa anaipokea, Yeremia aliepuka kumtazama Modesta usoni.

Desturi ya Nyabulugu ni kwamba kitu cha mchango hakilali nyumbani kwa mtu yeyote kabla hakijapita mikononi mwa waliochanga. Kwa hiyo siku iliyofuata dagashida iliitwa, yaani mkutano wa kijiji kizima wa Kisukuma, ambao kila kaya hutoa mtu na kila mtu ana haki ya kusema. Watu walikaa juu ya nyasi karibu na majaruba ya mpunga. Darubini ilizungushwa. Kila aliyeishika alichungulia ziwani, akaguna kwa kuridhika, na kwa kuwa ilikuwa na vifundo vya kuzungusha, alizungusha. Wengine walizungusha kulia, wengine kushoto. Bibi wa kuku aliishika kwa muda mrefu kuliko wote.

"Naona mtu wa Ukerewe anakula," alisema.

"Anakula nini, mayu?" mmoja alimwuliza mama huyo.

"Kuku wangu."

Kicheko kilipotulia, Evelina aliipokea. Aliielekeza kwenye matete, mahali palepale, akatazama, kisha akampa jirani yake. Mchungaji akaomba. Yeremia alisema amina pamoja na wote.

Kesho yake alikwenda machimbo ya kokoto kuipatanisha darubini na bunduki. Kwa jinsi vifundo vilivyokuwa vimezungushwa na kijiji kizima, risasi ya kwanza haikugusa hata jiwe alilolilenga. Ilimbidi apige tena na tena. Katika moja ya mapigo hayo bunduki ilimrudia na ukingo wa darubini ukamkata juu ya nyusi, alama ya nusu duara kama mwezi mchanga. Aliporudi, wanawake waliokuwa wanapalilia viazi walisimama kumtazama.

"Baba Shigela, mama amekupiga na nini leo?"

"Na kikombe," alijibu, akapita.

Ijumaa jioni alikwenda na Modesta kwenye majabali yaliyo juu ya njia ya viboko. Njia hiyo inajulikana. Miguu yao imeichimba mfereji kutoka matete hadi kwenye majaruba. Jua lilikuwa limegusa maji. Kijijini hakuna aliyekuwa anatwanga wala kuita mtoto. Watu walikuwa wanasikiliza.

Wa kwanza alitoka, wa pili akafuata, kisha kundi. Yeremia aliweka jicho kwenye darubini. Akaona ngozi. Ngozi ya kijivu yenye maji, mikunjo, vinyweleo, kila kitu kikiwa wazi kabisa, lakini hakujua ni ngozi ya wapi. Alisogeza mtutu kidogo, akapata jicho la mnyama, akasogeza tena kutafuta sikio, akapita, akaangukia kwenye matete. Aliporudi alikuta ngozi nyingine. Au ile ile. Lilikuwa bega kubwa, pana, bega la dume, na msalaba wa kulengea ulitulia juu yake bila kutetemeka. Kidole kilikuwa kimeshashika kifyatulio. Alijiambia, ni yeye. Ukubwa huu ni wa kwake.

Akainua kichwa, akatazama juu ya darubini kwa macho yake mawili.

Mnyama alikuwa amesimama ubavu. Masikio yote mawili yalikuwa mahali pake, yanapepea kufukuza nzi. Nyuma ya mguu wake kulikuwa na ndama.

Yeremia aliondoa kidole. Alikaa hivyo mpaka giza lilipowameza wanyama wote. Modesta alikuwa ameona kila kitu kwa darubini yake ya mkononi.

"Sikio hukuliona," alisema.

"Sikuliona."

"Ulikuwa unataka kupiga."

"Nilikuwa nataka." Akaweka bunduki chini. "Modesta mwanangu, jicho langu la kulia lina mtoto. Ndiyo maana niliitaka hii. Ilinipa raha pale dukani."

Modesta hakumkaripia. Aliuliza maswali ya kazi. Limeanza lini, asubuhi linakuwaje, jioni linakuwaje. Yeremia alimweleza kwamba asubuhi jua likianza kutoka huona vizuri, ila mwanga ukipungua moshi huzidi. Modesta alisikiliza, akatazama njia kule chini, akauliza swali moja zaidi.

"Elias aliuawa saa ngapi?"

"Alfajiri. Kunapambazuka."

Walitazamana. Dume yule alijulikana kwa kuchelewa kurudi. Wanawake wa maji walikuwa wamelisema hilo tangu mwanzo. Lakini kwa kuwa watu wa Nyabulugu hulinda mazao jioni, kila mtu, na afisa mwenyewe, alikuwa amefikiri habari ya jioni. Darubini kubwa ilikuwa imenunuliwa kwa ajili ya saa ambayo haikuwa saa yake.

Nyumbani Wilhelmina alikuwa ameweka ugali na sangara. Hakuuliza kwa nini bunduki haikulia. Alimwosha lile jeraha juu ya nyusi, na wakati anaosha alisema, "Umewaambia?"

"Nimemwambia Modesta."

"Modesta hakuchanga," alisema Wilhelmina.

Yeremia alisali muda mrefu kuliko kawaida. Hakuomba jicho lipone. Aliomba apate maneno machache tu, na asiyaongeze.

Jumamosi alirudi mjini na Modesta. Venant aliitazama ile alama juu ya nyusi, akavuta droo. Aliwaazima ile ndogo, waijaribu kwanza. Kubwa angeipokea ikiwa haijakwaruzwa.

"Mimi sitawaambia niliwaambia," alisema.

"Umeshasema," alijibu Yeremia.

Jumatatu asubuhi dagashida ilikaa tena. Safari hii watu hawakuwa na kicheko. Maneno yalikuwa yamezunguka kwamba Shigela ameogopa. Kashindye alisimama katikati na fimbo yake.

"Tulikutuma," alisema. "Tukakaa kimya jioni nzima kama tuna msiba. Bunduki haikulia. Sasa nasikia unataka kurudisha kitu cha watu uchukue kitochi. Ngosha, tuchange ng'ombe turudishiwe mbuzi?"

"Mtemi, naomba kwanza mchungulie," alisema Yeremia.

Ng'ombe wa Kashindye walikuwa wameshuka kunywa maji. Walisimama kwenye ukingo wa ziwa, umbali ule ule wa kutoka jabalini hadi njia ya viboko. Modesta aliweka darubini zote mbili juu ya gunia la mchanga. Kashindye aliinama kwenye kubwa.

"Unaona nini?" aliuliza Yeremia.

"Ng'ombe."

"Wa nani?"

Kashindye alisogeza darubini. Aliisogeza tena. Shingo yake ilianza kutoa jasho. "Naona manyoya," alisema mwishowe. "Meusi. Huyu anaweza kuwa wa mtu yeyote."

"Chungulia hiyo nyingine."

Aliinama kwenye ndogo na hapohapo akasema, "Huyo ni Mabala wangu. Alama yangu ile, sikio la kulia limepasuliwa mara mbili. Na yule nyuma ni wa Ndalahwa, amechanganyika tena na wangu. Ndalahwa, mara ngapi nakuambia?"

Ndalahwa, aliyekuwa amekaa nyuma, aliinua mkono kukubali kosa. Watu walianza kusimama. Kwa kuwa walikuwa wamechanga wote, walichungulia wote, kwanza kubwa kisha ndogo, kila mtu akitafuta mnyama anayemjua na alama ya sikio lake. Vifundo safari hii hakuna aliyevigusa. Bibi wa kuku alichungulia, akasema kubwa ni nzuri kwa kumtazama mtu anayekula Ukerewe, lakini kwa kazi hii itawapotezea mnyama.

Yeremia alingoja mpaka wote wakae.

"Kuna neno moja," alisema. "Jicho langu la kulia lina mtoto. Nilichagua kubwa kwa sababu ilinifanya nione kama zamani. Sikuwaambia. Ijumaa nilikaribia kumpiga jike mwenye ndama."

Mtu mmoja akasema kutoka pembeni, "Kwa hiyo tulimpa kipofu bunduki."

"Mbona wewe una macho yote na jembe linakushinda?" alijibu bibi wa kuku. Wengine walitabasamu, lakini si wote.

Modesta alisimama akaeleza. Asubuhi mwanga unaongezeka badala ya kupungua, na kwa jicho la mzee hilo ni jambo kubwa. Mnyama wao hurudi majini kukiwa kumekucha. Bila darubini kubwa watapoteza dakika za mwisho za jioni, lakini dakika hizo hawazihitaji. Yeye mwenyewe atakuwa jabalini. Kama mzee akishindwa, atarudisha kibali na kuomba askari wa wilaya, na hapo watangoja, pengine sana, na njia ya maji ibaki kama ilivyo.

"Tungoje?" aliuliza Kashindye, akiwatazama watu.

Aliyejibu alikuwa Evelina. Alikuwa amekaa na wanawake, kanga nyeusi mabegani, na hakuwa amesema neno katika dagashida yoyote tangu mazishi. Alisimama, akaenda kwenye gunia la mchanga, akachungulia ndogo kwa mara ya pili.

"Kwa hii naona masikio," alisema. "Baba Shigela, mimi namjua. Wewe unamjua kwa kusimuliwa. Nitakaa jabalini na wewe."

Kashindye alitaka kupinga, kwamba mwanamke mwenye msiba hapelekwi mbele ya mnyama yule. Alimtazama Modesta. Modesta alisema jabali ni refu na kiboko hapandi, kwa upande wake hana kipingamizi. Mtemi akapiga fimbo chini mara moja.

"Basi Shigela mwenyewe aseme atakavyofanya," alisema. "Aseme hapa, tusikie wote. Kitu ni cha watu, na neno liwe la watu."

Yeremia alivua kofia. Alama juu ya nyusi yake ilikuwa imekauka na kuwa nyeusi. Alisimama akimwelekea Evelina, lakini alisema kwa sauti ya kuwafikia hata wale waliokaa mwisho, karibu na majaruba.

"Mbele za Mungu na mbele ya dagashida hii, mimi Yeremia Shigela naahidi: sitaweka kidole kwenye kifyatulio mpaka nimeona kichwa kizima, na Evelina mke wa Elias ameniambia, ndiye. Asiponiambia, nitateremka na risasi yangu, na bunduki nitamkabidhi Modesta siku hiyohiyo."